Kitakaukaje? Kwa msomaji anayetaka kulala nje kwenye theluji

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka mitano ya kupiga kambi, ila siku zote ni msimu wa joto. Safari hii nataka nilale msituni kwenye theluji, siku mbili tatu, mahali ambapo usiku hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Pesa zangu zinatosha kitu kimoja cha maana: ninunue mfuko mzuri wa kulalia au hema la majira ya baridi? Na hizi stadi za jadi, kuwasha moto kwa gome la mti, kujenga kibanda cha theluji, zina kazi kweli siku hizi au ni za kujionyesha? Halafu, shoka au msumeno?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali la shoka ni jepesi, nitalijibu mwishoni. Hayo mawili ya mwanzo yana jibu moja, na nataka ulishike kabla hujatoa hata senti mfukoni.

Umezoea kukiuliza kila kifaa kama kitakupa joto. Kwenye theluji lipo swali linalotangulia hilo: kikilowa, kitakaukaje? Wengi tunadhani adui ni baridi yenyewe. Baridi kavu ya nyuzi 20 chini ya sifuri inavumilika vizuri na mtu aliyevaa sawasawa, mwenye chakula tumboni. Kinachommaliza ni maji, na hayo maji sehemu kubwa hayatoki mbinguni. Yanatoka mwilini mwake: jasho la mchana, pumzi ya usiku, mvuke wa ngozi unaotoka hata ukiwa umelala tuli. Msimu wa joto hujawahi kuyaona kwa sababu jua huyachukua asubuhi. Kwenye theluji hayana pa kwenda. Yanaingia kwenye soksi, kwenye koti, kwenye manyoya ya mfuko wako, yanaganda humohumo, na kesho yake unalala na barafu uliyoitengeneza mwenyewe.

Kuna safari moja ninayopenda kuwasimulia wanafunzi wangu kwa sababu vipimo vyake viliandikwa. Katikati ya mwaka 1911, Waingereza watatu, Wilson, Bowers na Cherry-Garrard, walikwenda Cape Crozier huko Antaktika kutafuta mayai ya pengwini kaisari, wale wakubwa kuliko pengwini wote. Walikaa safarini wiki tano, gizani, kwenye baridi iliyopita nyuzi 50 chini ya sifuri. Mfuko wa kulalia wa Cherry-Garrard, pamoja na kitambaa chake cha ndani cha manyoya, ulikuwa na kilo 8 hivi walipoondoka. Waliporudi ulikuwa na kilo 20 hivi. Kilo zote hizo zilizoongezeka zilikuwa barafu ya pumzi na jasho. Asubuhi nguo zao ziliganda wakitoka tu hemani, na jioni walipambana kuupenyeza mwili kwenye mfuko uliokuwa mgumu kama ubao. Hawakuwa wazembe hata kidogo, walikuwa watu hodari. Walikosa njia ya kukausha.

Miaka michache kabla, Roald Amundsen wa Norwei alikuwa amekaa majira mawili ya baridi, kuanzia 1903 hadi 1905, mahali panapoitwa leo Gjoa Haven, kaskazini mwa Kanada. Hapo alijifunza kwa Wanetsilik, ambao ni Wainuit, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini. Aliwatazama wanavyovaa ngozi za kulungu wa kaskazini: nguo pana, zinazoning'inia, hewa ikipita ndani yake, na mwendo wa kazi usiomtoa mtu jasho. Alilichukua somo hilo akaenda nalo Ncha ya Kusini, akafika tarehe 14 Desemba 1911. Safari hizo mbili hazikuwa katika hali moja, na si haki kuzipambanisha moja kwa moja. Lakini nguo pana inayopitisha mvuke ni stadi ya jadi, na ilimfikisha mtu mbali kuliko wote waliomtangulia.

Ukiangalia hivyo, stadi za jadi za watu wa kaskazini zinaacha kuwa maonyesho. Nyingi ni stadi za kukausha. Wasami, wenyeji wa kaskazini mwa Skandinavia, walikuwa wakijaza nyasi kavu ndani ya viatu vyao vya ngozi badala ya soksi. Nyasi hizo zilivunwa kiangazi, zikapondwa na kuchanwa mpaka zikawa laini kama nywele. Mchana zilinyonya jasho la mguu; jioni zilitolewa, zikachambuliwa na kuanikwa karibu na moto, na asubuhi zilirudi kiatuni. Hayo ndiyo unayoyanunua leo unapochagua buti lenye kiatu cha ndani cha felti (sufu iliyoshindiliwa) kinachotoka. Kama hakitoki, usilinunue, hata muuzaji akuapie. Buti ambalo jasho lake limeshonewa ndani litakuwa jokofu la miguu yako siku ya pili.

Na hapo ndipo watu wengi hudanganyika: usiku wa kwanza. Usiku wa kwanza kila kitu ni kikavu, umetoka nacho nyumbani. Nimeona watu wakirudi kutoka usiku mmoja wakitangaza kwamba wameshaiweza baridi. Mtihani ni usiku wa pili, na wa tatu ndio unaotoa majibu.

Tuanze na mchana, maana usiku wako unaharibikia mchana. Anza kutembea ukiwa unasikia baridi kidogo. Ukiondoka kambini ukiwa na joto zuri, baada ya dakika kumi za kuvuta sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, utakuwa umelowa mgongoni. Vua kabla ya jasho, vaa kabla ya baridi. Ukisimama kupumzika, koti kubwa livaliwe palepale, usisubiri mwili utetemeke. Mimi mwanzoni niliona hii ni kazi ya kuchosha, kuvua na kuvaa mara ishirini kwa siku, mpaka jioni moja nilipokaa kwenye hema na shati lililolowa, nikawa siwezi kufunga hata zipu. Vidole vilikuwa vinanigomea. Mwenzangu ndiye aliyenivisha. Tangu siku hiyo sioni aibu kuwasimamisha watu wote njiani ili nivue sweta.

Nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu. Sufu hunyonya mvuke hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaihisi kuwa imelowa, na hata ikilowa bado inabakiza joto. Pamba kwenye ngozi ni hatari, hushika maji na kuyang'ang'ania. Lakini usiichukue sheria hiyo ukaibeba kila mahali. Koti la juu la turubai jembamba la pamba, kwenye baridi kavu iliyoganda kweli, ni zuri kuliko makoti mengi ya plastiki: linazuia upepo, linaacha mvuke utoke, na cheche za moto hazilitoboi kirahisi. Mvua ikianza tu, au theluji inayoyeyuka, koti hilo halifai tena. Nyuzi 20 chini ya sifuri hakuna mvua. Nyuzi sifuri ndiyo hali mbaya zaidi, na wageni hawaamini mpaka yawakute.

Glavu chukua zile za mfuko, ambazo vidole vinne hukaa pamoja, na ndani yake glavu nyembamba za sufu, jozi mbili au tatu za kubadilisha. Soksi nene haisaidii kitu kama buti linabana. Mguu uliobanwa haupati damu, na bila damu hakuna soksi itakayoupasha. Nunua buti lenye nafasi ya kuchezesha vidole ukiwa umevaa soksi zote.

Sasa pesa zako. Umeniuliza mfuko au hema. Mimi nasema kwanza godoro. Theluji iliyo chini yako itavuta joto lako usiku kucha, na manyoya ya mfuko yaliyo chini ya mgongo yamebanwa na uzito wako, hayafanyi kazi. Magodoro ya kambi hupimwa kwa kipimo kinachoitwa R. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo linavyozuia baridi. Kwenye theluji tafuta jumla ya 5 kwenda juu. Nimesema jumla kwa sababu R hujumlishwa: godoro la povu gumu lisilonyonya maji lenye R ya 2, juu yake la kupuliza lenye R ya 4, unapata 6. Na hilo la povu haliwezi kutoboka, hivyo la kupuliza likikufia usiku wa manane hutabaki juu ya theluji tupu. Zamani kazi hii ilifanywa na matawi mabichi ya misonobari na jamaa zake, yaliyotandazwa kwa unene wa viganja kadhaa, vikonyo chini na ncha laini juu. Ni kitanda kizuri ajabu, harufu yake inakulaza yenyewe. Lakini kinakula miti mingi, na sehemu nyingi zilizohifadhiwa hairuhusiwi kukata. Povu linatosha.

Pesa inayobaki iende kwenye mfuko wa kulalia. Soma namba zake kwa makini. Mifuko iliyopimwa kwa kiwango cha kimataifa huwa na joto la kulala kwa raha, kikomo cha chini, na namba ya mwisho inayotisha ambayo maana yake ni kwamba utanusurika, usingizi hautaupata. Watangazaji hupenda kuandika namba ya kuvutia zaidi kwa herufi kubwa. Wewe nunua kwa namba ya raha, na iwe chini ya baridi unayoitegemea kwa nyuzi kadhaa.

Manyoya ya bata ni mepesi na yana joto sana, ila yakilowa hujikunja yakawa kama uji. Nyuzi za kiwandani ni nzito kidogo lakini hukauka. Njia ninayoipenda ni kuunganisha: mfuko wa manyoya ndani, na mwembamba wa nyuzi za kiwandani juu yake. Mvuke wa mwili unasafiri kutoka ngozini kwenda nje, na unaganda pale unapokutana na baridi. Ukiwa na mfuko wa pili, pale pa kugandia panasogea kwenye tabaka la nje, ambalo si la manyoya na linakaushika. Tayari una mfuko wa kiangazi? Basi huenda ununue mmoja tu, mpana wa kutosha mwingine uingie ndani bila kubanana.

Pua na mdomo vibaki nje ya mfuko. Najua utataka kujifunika gubigubi. Usifanye hivyo, kila pumzi ni maji. Vaa kofia nzito, zungusha skafu usoni, iache hiyo igande badala ya mfuko. Asubuhi, ukiamka tu, ukamue mfuko kwa mikono ukiwa bado na joto ili hewa yenye unyevu itoke, kisha uugeuze na kuuanika kwenye kamba penye jua na upepo. Hata chini ya sifuri barafu huondoka polepole moja kwa moja kuwa mvuke. Baada ya saa moja unapiga kwa kiganja, unga mweupe unadondoka.

Soksi zina dawa yake. Zilizolowa kidogo unazikamua, unaziweka tumboni, juu ya shati la ndani, unalala nazo. Asubuhi ni kavu. Moja moja tu lakini, maana maji hayo yanapita kwenye mfuko wako. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri ingia nayo, iweke kati ya mapaja. Ukiivisha soksi mbichi, utakuwa umefanya kazi mbili.

Hema basi liwe la mwisho. Hema la kawaida lenye nguvu linatosha mtu asiyepanda milima ya upepo, mradi vigingi vyake vifukiwe: unafunga kamba kwenye kijiti, unakilaza kwenye shimo la theluji, unashindilia, unasubiri igande. Ungekuwa na pesa na wenzako watatu ningekuambia mtafute hema la turubai lenye jiko la bati na bomba la moshi, lile wanalotumia Wakrii, watu wa asili wa Kanada, na jirani zao kwenye misitu ya huko, na mlivute kwenye sleji ndefu. Ndani yake kuna kamba juu, karibu na paa, na kwenye kamba hiyo kila jioni panakaa kila kitu: soksi, felti, glavu, kofia. Hema hilo ni chumba cha kukaushia ambacho watu wanaruhusiwa kulala. Jiko linakaa juu ya magogo mabichi, vinginevyo linayeyusha theluji na kuzama polepole. Na kumbuka kwamba moto ukizimika, baada ya muda mfupi hema linalingana na nje. Kwa hiyo hata mwenye jiko anabeba mfuko unaotosha baridi ya nje.

Upande wa stadi, anza na moto, na kwenye moto anza na kuni. Theluji hufunika kila kilicho chini, kwa hiyo hakuna cha kuokota. Unatafuta mti uliokufa ukiwa umesimama, mwembamba kama paja, uliokwisha kupukutika majani na magome. Ukate, upasue, kisha chukua kipande cha kati ukiweke shavuni. Mkono uliotoka kwenye glavu hauaminiki, lakini shavu halidanganyi: kuni mbichi inauma baridi ya maji, kuni kavu ni kama haina baridi kabisa. Kipasue hicho hadi unene wa kidole gumba, halafu kwa kisu kichonge nyuzi nyembamba zinazojikunja bila kukatika, kijiti kiwe kama kichwa chenye nywele za kipilipili. Vijiti vitano vya namna hiyo vinawasha moto popote. Ukiupata mti wa mbetula (mti wa nchi za baridi, gome lake hubanduka kama karatasi) ulioanguka, ngozi yake nyembamba ya juu ina mafuta, inawaka hata ikiwa na unyevu.

Moto usiuweke juu ya theluji tupu wala chini ya matawi yaliyobeba theluji. Wa kwanza utazama, wa pili utazimwa na theluji itakayodondoka joto likipanda, na huwa inadondoka hasa moto unapoanza kupendeza. Panga magogo mabichi sambamba, uwashe juu yake.

Kibanda cha theluji kiunde, ila kwanza kiwe zoezi la mchana. Unarundika theluji kimo cha mtu, unaiacha saa moja mbili ijishike, unachomeka vijiti vya sentimita 30 kuizunguka pande zote, kisha unachimba ndani mpaka ncha za vijiti zionekane. Hapo unaacha, ukuta una unene sawa. Kitanda kiwe juu kuliko mlango, na tundu la hewa liwepo. Ndani joto hukaa karibu na sifuri hata nje pawe pakali. Lakini mchimbaji hutoka amelowa kuanzia kichwani hadi magotini. Ndiyo maana nasema zoezi: ukikijenga jioni umechoka na huna nguo kavu, kibanda kimekugharimu kuliko kilichokupa. Na siku zote mtu mmoja abaki nje wakati mwingine anachimba, kwa kuwa rundo linaweza kuporomoka.

Maji yatakula kuni na muda kuliko unavyofikiri. Kuyeyusha tu kilo moja ya barafu iliyokwisha kufika sifuri kunataka nishati karibu sawa na kuyapasha maji hayo kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Tia maji kidogo chini ya sufuria kabla ya theluji, la sivyo sufuria inaungua na maji yananuka moshi. Kama unabeba jiko la gesi, ujue butani ya kawaida huacha kugeuka mvuke karibu na sifuri. Mtungi unaonekana umejaa na moto haupo. Jiko la mafuta ya kimiminika ndilo la kutegemea, ila mafuta hayo yakiwa nje usiku kucha yana baridi ileile ya nje bila kuganda, na yakimwagika kidoleni ngozi inaweza kuganda papo hapo.

Usiwashe jiko lisilo na bomba ndani ya hema lililofungwa wala ndani ya kibanda cha theluji. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu, na inamchukua mtu akiwa anajiona amechoka tu. Baridi ikimzidi mtu nayo ina dalili zake: mwenzako akianza kujikwaa, kusema maneno yasiyoshikana, kuangusha vitu, mtie kwenye nguo kavu na mfuko mara moja, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza. Akiwa ameacha kutetemeka bila kupata joto, hiyo ni hatari ya kifo: abaki amelala, asitembezwe wala kusuguliwa, na mwite msaada. Ngozi iliyoganda usiisugue, kwa theluji wala kwa mkono, na usiiyeyushe kama kuna uwezekano wa kuganda tena kabla hamjafika.

Usiku wako wa kwanza ulale nje ya nyumba yenye mlango ulio wazi. Wa pili pia, bila kuingiza kitu chochote ndani kukikausha. Hapo ndipo utajua kilichokushinda. Ndipo uende msituni, na mtu aliyekwisha kwenda. Kama mahali unapokwenda ni kwa wenyeji wanaoishi na theluji hiyo na wanafundisha, lipia siku zao kabla ya kulipia kifaa kingine. Vaeni pamoja, mtazame wanavyofunga, wanavyosimama, na wanavyoanika.

Shoka au msumeno: msumeno. Msumeno wa kukunja au wa fremu unakata mti wa unene wa paja kwa dakika chache na hauponyoki kwenye mkono uliokufa ganzi. Shoka dogo liongeze baadaye, kwa kupasua tu. Kwenye baridi kali chuma hupungua uvumilivu na ukali wake unaweza kumeguka kwenye fundo lililoganda, kwa hiyo uweke kwanza chini ya koti au karibu na moto, upate uvuguvugu. Pasua ukiwa umepiga magoti, gogo likiwa juu ya gogo lingine mbele yako, ili shoka likikosa liingie kwenye theluji, mguu wako ubaki salama. Ukimaliza livishe ala, na usiku liegemeze upande uleule wa mlango kila siku, mkono wako ulijue kabla ya tochi kuwaka.